Swali Lililohifadhiwa: Kumbukumbu Isiyo na Jalada Katika Ofisi za Afya Simiyu

Katika ofisi ya mratibu wa MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, wa halmashauri yoyote ya Mkoa wa Simiyu, iwe Lagangabilili, Nyashimo, Mwanhuzi au Bariadi mjini, kazi ya takwimu ina pande mbili. Upande wa kwanza unajulikana. Zahanati hujumlisha vitabu vyake, Kitabu cha 5 cha wagonjwa wa nje, Kitabu cha 6 cha wajawazito, Kitabu cha 7 cha watoto, Kitabu cha 12 cha wodi ya wazazi, na jumla hizo huingizwa katika mfumo wa mtandaoni wa DHIS2. Upande wa pili hauzungumzwi sana, nao ni kuuliza. Takwimu zikishaingia, lazima mtu aketi, achague kiashiria, achague kipindi, achague eneo, kisha asome kinachojitokeza. Akiridhika na jedwali lake anabonyeza kitufe cha kuhifadhi, analipatia jina, na siku nyingine analifungua bila kuanza upya. Ofisini wanasema ameshalisevu.

Wengi wanakiona kitufe hicho kuwa cha kuokoa muda tu. Mimi naona ni zaidi ya hapo. Swali lililohifadhiwa ni kumbukumbu ya ofisi, lina uzito uleule wa jalada la masijala, na mkoa kama Simiyu, uliozaliwa juzi kwa kukatwa vipande vya mikoa mingine, unaumia kuliko mingi pale kumbukumbu hiyo inapoachwa bila mwenyewe.

Kwanza tuelewe kinachohifadhiwa. Mfumo hautunzi tarakimu ulizoziona, unatunza swali. Kila ukilifungua, linarudi kwenye kanzidata na kuleta majibu ya wakati huo. Ndiyo maana jedwali lilelile huweza kusema hivi Jumatatu na vile Ijumaa, na hakuna aliyekosea: kituo kilichochelewa kimeleta taarifa, au mratibu amesahihisha namba iliyoandikwa vibaya. Hata saa ina maana yake. Majedwali ya uchambuzi kwa kawaida huandaliwa upya usiku, kwa hiyo anayeingiza taarifa ya zahanati mchana na kufungua swali lake alasiri hiyohiyo ataambiwa zahanati haijaleta kitu. Anayehitaji tarakimu zisizobadilika, kwa mfano zile alizozisoma mbele ya Baraza la Madiwani, azipakue na kuzitunza pamoja na tarehe ya siku hiyo. Mabishano mengi ya vikaoni, huyu ana asilimia hii na yule ana ile, hutokana na watu wawili kufungua swali moja kwa siku tofauti.

Kipindi kinaweza kuandikwa kwa namna mbili, na hapa ndipo maswali mengi yaliyohifadhiwa hufa mapema. Unaweza kuchagua miezi kwa majina yake, Januari 2021 hadi Desemba 2021, na swali hilo litabaki mwaka 2021 milele. Unaweza pia kuchagua kipindi kinachotembea: mwezi uliopita, miezi 12 iliyopita, robo hii, mwaka huu wa fedha unaoanzia Julai. Swali la namna ya pili halizeeki. Kwa kazi ya ufuatiliaji, karibu kila swali linapaswa kuwa la kutembea. Lile lililogandishwa lina mahali pake katika tathmini ya mradi uliokwisha au mlipuko uliopita, na jina lake liseme hivyo.

Eneo nalo lina siri yake, na nadhani ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za mfumo huu. Badala ya kuandika jina la halmashauri, mtu anaweza kuuambia mfumo utumie eneo la mtumiaji mwenyewe na ngazi iliyo chini yake. Swali moja lililotungwa vizuri mkoani, likifunguliwa na mratibu wa Maswa litaonyesha vituo vya Maswa. Likifunguliwa na wa Meatu litaonyesha vya Meatu. Mganga Mkuu wa Mkoa akilifungua ataona halmashauri zake zote sita kwa pamoja. Hakuna haja ya nakala sita zinazotofautiana kidogokidogo hadi zisilingane tena. Swali moja, wasomaji wengi, kila mmoja akijiona mwenyewe.

Ili tuelewe kwa nini jambo hili lina uzito Simiyu, turudi nyuma kidogo. MTUHA ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa karatasi. DHIS ilizaliwa Afrika Kusini baada ya 1994, katika kujenga upya huduma za afya zilizokuwa zimegawanywa na ubaguzi wa rangi. Toleo la pili, lile la mtandaoni, likatengenezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya ililisambaza nchi nzima mwaka 2011. Tanzania Bara ilikamilisha usambazaji wake mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa na mchango mkubwa wa kitaalamu. Mkoa wa Simiyu nao ulitangazwa rasmi mwaka 2012. Mkoa na mfumo ni marika.

Urika huo una gharama zake. Wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga. Busega ilimegwa kutoka Magu, mkoani Mwanza. Itilima ilikatwa kutoka Bariadi. Sasa mtu anayetaka kujua mwelekeo wa akina mama kujifungulia kituoni huko Bariadi kuanzia 2010 hadi 2015 anauliza juu ya Bariadi ipi? Sensa ya 2012 iliihesabu Bariadi mpya kuwa na watu 422,916 na Itilima 313,900. Bariadi ya zamani ingekuwa na watu 736,816, yaani zaidi ya asilimia 40 ya watu wake waliondoka kwa mstari wa ramani bila hata mmoja kuhama nyumba yake. Ukiweka tarakimu za Bariadi ya zamani na za Bariadi mpya katika grafu moja, utaona anguko la kutisha la wajawazito, wagonjwa na watoto. Hakuna kilichoanguka. Mtu asiyejua historia anaweza kuandika ripoti nzima kueleza sababu za anguko hilo.

Mfumo unasaidia kiasi. Zahanati ikihamishwa kwenye mti wa maeneo kutoka wilaya moja kwenda nyingine, historia yake yote huhama nayo, hivyo taarifa zilizoingizwa kwa kila kituo zinaweza kupangwa upya chini ya wilaya ya leo. Lakini taarifa za zamani zilizoingizwa kama jumla ya wilaya haziwezi kugawanywa tena. Zinabaki chini ya jina la zamani. Kwa hiyo swali lililohifadhiwa linaloanzia kabla ya 2012 lisiaminiwe mpaka mtu ajue taarifa zake ziliingizwa katika ngazi gani.

Hata leo Bariadi ni mbili, Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya. Jedwali lililopewa jina «Bariadi kliniki mpya 2» halimwambii mtu ni ya mji au ya vijijini, na tofauti kati yao si ndogo: mjini kuna hospitali inayopokea rufaa, vijijini kuna zahanati ambazo masika barabara zake za udongo mweusi wa mbuga hunasa gari. Hospitali ya mjini ikizalisha akina mama waliotoka vijiji vya jirani, asilimia ya mji hupanda na ya wilaya hushuka, ingawa mama ni yuleyule. Mwenye kutunga swali asipofikiria hilo, atausifu mji na kuilaumu wilaya bure.

Tuje kwenye jambo linaloharibu maswali mengi kimyakimya kuliko yote, yaani kigawanyo. Kiwango cha chanjo ni watoto waliochanjwa kugawanywa kwa watoto wanaokadiriwa kuwepo. Sehemu ya kwanza inatoka kwenye Kitabu cha 7. Ya pili inatoka kwenye sensa na makadirio yake. Sensa ya 2012 iliipa Simiyu watu 1,584,157. Ya 2022 ikaipa 2,140,497. Hilo ni ongezeko la takriban asilimia 35 ndani ya miaka kumi. Makadirio yanayobaki nyuma ya ongezeko kama hilo hutoa asilimia zisizowezekana. Tuseme kwa mfano halmashauri imechanja watoto 9,000. Makadirio yakisema walengwa ni 8,500, kiwango ni asilimia 106, na watu wanapongezana. Makadirio mapya yakisema walengwa ni 10,000, kiwango ni 90, na watoto 1,000 waliokuwa wamefichwa na hesabu wanaonekana kwa mara ya kwanza. Swali ni lile, jina ni lile, kitufe ni kile. Kilichobadilika ni kigawanyo, nacho hakionekani kwenye jedwali. Kwa hiyo asilimia isihifadhiwe peke yake. Kando yake iwepo idadi kamili ya waliohudumiwa na idadi ya walengwa, ili msomaji aone kilichosogea.

Viashiria vyenyewe pia hubadilika. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi nchi nzima mwaka 2018, kwa dozi mbili. Aprili 2024 ikahamia dozi moja. Aliyehifadhi swali la wasichana waliopata dozi ya pili anafuatilia kitu ambacho sera imekiondoa. Jedwali lake litashuka hadi sifuri, na sifuri hiyo ni habari ya sera, wasichana hawajakosa chanjo. Malaria ina mfano wa zamani zaidi. Kabla ya vipimo vya haraka kuenea vituoni, homa nyingi ziliandikwa kuwa malaria kwa kuangalia dalili tu. Baada ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kuelekeza mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa apimwe kwanza, na vipimo vikafika zahanati, idadi ya wanaoandikwa malaria ilipaswa kushuka hata kama mbu hawakupungua. Swali linalochanganya malaria ya dalili na malaria iliyopimwa bila kuzitenganisha hupima mabadiliko ya kupima, likidhani linapima ugonjwa. Swali la namna hiyo ni kama mtego unaoendelea kutegwa kwenye njia ambayo wanyama wameshaihama.

Na kuna ukimya. Utaratibu unataka kituo kiwasilishe taarifa ya mwezi ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Anayefungua swali lake la «mwezi uliopita» tarehe 5 anaona nusu ya vituo, na jedwali halimpigii kelele. Linajumlisha tu kilichopo. Zahanati ya ndani kabisa ya Meatu isipoleta taarifa, wagonjwa wake hawaonekani kuwa wamekosekana; wanaonekana kuwa wamepona. Kwa maoni yangu, swali la kwanza ambalo kila ofisi inapaswa kulihifadhi halihusu ugonjwa wowote. Ni lile la utimilifu wa taarifa: vituo vingapi vimeleta, vingapi vimeleta kwa wakati, vipi havijaleta. Likae juu kabisa ya dashibodi, na jedwali jingine lolote lisisomwe kabla yake.

Hadi hapa nimezungumzia swali lenyewe. Lakini tatizo kubwa la ofisi zetu liko kwa mwenye swali. Jedwali likihifadhiwa huwa mali ya akaunti ya aliyelitunga, na yeye ndiye anayeamua nani alione na nani aweze kulihariri. Wengi hawagusi kabisa mpangilio huo wa kushirikishana. Kisha mratibu anahamishwa, kama watumishi wa umma wanavyohamishwa kila mara, na anayemrithi anakuta moja kati ya mambo mawili: majedwali asiyoyaona kwa sababu hayakushirikishwa, au orodha ndefu ya majedwali yaliyoshirikishwa kwa kila mtu, yenye majina kama «jaribio», «mpya», «mpya kabisa», «ya RMO». Anafanya ambalo mtu yeyote angefanya, anaanza upya. Anachagua kiashiria kinachofanana na cha mwenzake bila kuwa kilekile, kipindi tofauti kidogo, na kuanzia siku hiyo mfululizo wa halmashauri umekatika. Ripoti ya mwaka huu haiwezi kulinganishwa na ya mwaka jana, na sababu yake haikuandikwa popote.

Hati za makabidhiano ya ofisi huorodhesha gari, kompyuta, mihuri, funguo na majalada. Maswali yaliyohifadhiwa hayamo. Kwa mtu anayeongoza huduma za wilaya nzima kwa kutumia takwimu, hilo ni pengo kubwa kuliko kompyuta iliyopotea, maana kompyuta hununuliwa.

Zanzibar inatupa mfano mzuri wa dawa ya tatizo hili. Huko timu za wilaya zilikutana kila robo mwaka, kila moja ikiwasilisha takwimu zake mbele ya nyingine na kukosolewa na wenzao. Makala iliyochapishwa mwaka 2012 katika jarida la WHO ilieleza jinsi ubora na matumizi ya takwimu vilivyoongezeka kwa njia hiyo. Nguvu ya mikutano ile ilikuwa katika kuuliza swali moja kwa wote na kurudia kuliuliza robo inayofuata. Mtu akijua kwamba baada ya miezi mitatu ataulizwa lilelile mbele ya majirani zake, anazitazama tarakimu zake mapema. Halmashauri sita za Simiyu zinaweza kukutana Bariadi kwa utaratibu huo, zikitumia majedwali yaleyale, bila kuhitaji programu mpya.

Swali linaweza pia kutoka juu. Mei 2014 Rais Jakaya Kikwete alizindua mpango ulioboreshwa wa kupunguza vifo vya akina mama na watoto, pamoja na kadi ya alama ya rangi tatu, kijani, njano na nyekundu, kwa kila mkoa. Kanda ya Ziwa na ya Magharibi zilipewa kipaumbele kwa kuwa hali yake ilikuwa mbaya, na Simiyu imo humo. Kadi ile ni swali lililohifadhiwa kwa ngazi ya taifa: viashiria vilevile, mipaka ileile ya rangi, robo baada ya robo. Ilileta jambo ambalo majedwali ya wataalamu hayakuwahi kuleta, yaani mkuu wa mkoa kuuliza kwa nini mkoa wake ni mwekundu. Nalithamini sana hilo. Hata hivyo rangi ina tabia ya kuwavuta watu kwenye kile kinachopimwa na kuwasahaulisha kisichopimwa. Mama akihesabiwa kuwa amejifungulia kituoni, rangi inapanda. Kadi haiulizi kama kituo kilikuwa na damu, maji au taa usiku ule. Halmashauri isiyo na maswali yake yenyewe, yaliyotungwa kutokana na hali yake, inaishia kujibu ya wengine tu.

Kuna pia mambo ambayo hakuna swali la kila mwezi linaloweza kuyaona. Kipindupindu kilipopita katika mikoa ya Kanda ya Ziwa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, Simiyu ikiwemo, jedwali la mwezi lilikuwa la kuchelewa mno. Kazi hiyo ni ya mfumo wa taarifa za magonjwa za papo hapo na za kila wiki, ambao mhudumu wa zahanati huutumia hata kwa simu ya kawaida. Na tarehe 21 Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Kagera, ilikuwa mara ya kwanza kabisa nchini. Hakuna jedwali ambalo lingeweza kuuliza juu ya ugonjwa ambao nchi haikuwa imewahi kuuandika. Duniani wapo wanaojaribu kuziba pengo hilo kwa kuhifadhi utafutaji wa habari badala ya takwimu: mtandao wa Kanada wa GPHIN, unaopepeta habari za lugha mbalimbali, uliokota taarifa za mlipuko wa mafua nchini China Novemba 2002, miezi kadhaa kabla WHO haijatoa tahadhari ya ugonjwa wa SARS kwa dunia Machi 2003. Lakini kijijini Itilima chombo cha kwanza bado ni mhudumu wa afya ya jamii anayeona vifo viwili visivyoeleweka katika kaya moja na kupiga simu bila kusubiri tarehe 7.

Niongeze tahadhari moja kwa ufupi. Majedwali niliyoyazungumzia hapa ni ya jumla. Mifumo inayofuatilia mtu mmojammoja, kama daftari la kielektroniki la chanjo lililoanza kutumika mkoani Arusha kupitia mradi wa BID, huweza kuhifadhi orodha ya watoto waliopitiliza tarehe ya chanjo, na orodha hiyo ni ya thamani kubwa kwa muuguzi anayepita kwenye kaya. Lakini ina majina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaihusu moja kwa moja. Orodha ya majina ishirikishwe kwa wanaoifanyia kazi tu, na isisambazwe kwenye makundi ya simu.

Linaloombwa kwa Waganga Wakuu wa halmashauri sita za Simiyu halihitaji bajeti. Kila Januari, makadirio mapya ya watu yanapoingizwa, timu ikae na kupitia majedwali yake yote: yaliyokufa yafutwe, yaliyogandishwa yasiyo na sababu yapewe kipindi kinachotembea, majina yaeleze kiashiria, eneo na kipindi, na kila moja lishirikishwe kwa kundi la ofisi, lisibaki kwa mtu mmoja. Orodha hiyo ichapwe na kuingizwa kwenye hati ya makabidhiano pamoja na maelezo ya mipaka ya 2012. Na mratibu anayepokea ofisi asiweke saini yake mpaka ayafungue yote, moja baada ya jingine, mbele ya anayeondoka.